Michoro Miwili ya Stendi ya Katikati ya Mji

Leo asubuhi wakazi wa mtaa wetu hapa Mtwara tumeoneshwa michoro miwili inayoshindanishwa ya stendi ya katikati ya mji.

Wa kwanza una ghorofa, vioo na maduka mengi, lakini abiria anayetoka Newala au Tandahimba atalazimika kukatiza njia ya mabasi, tena juani, ndipo aifikie bajaji.

Wa pili hauna ghorofa. Paa lake refu linafunika abiria kutoka mlango wa basi hadi maegesho ya daladala na bodaboda, jambo ambalo mvua za Januari zitatufundisha thamani yake.

Nilichokitazama zaidi ni njia ya mteremko iliyochorwa badala ya ngazi, yenye uwiano wa 1 kwa 12, yaani kila kimo cha mita 1 kimepewa urefu wa mita 12, ili kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa kwa nguvu. Mama mmoja muuza samaki aliufuata mstari huo kwa kidole, taratibu, akauliza kama mkokoteni wa ndoo zake utapita. Utapita.

Mimi nimeuunga mkono huo wa pili kwa moyo wote.

Ndugu zangu mnaosafiri kila wiki, hasa msimu wa korosho, ninyi mngechagua upi, na kwa nini?