Jinsi nilivyorudisha amri za kibodi kwenye swichi ya kompyuta mbili

Ofisini kwetu hapa Dodoma, kompyuta mbili hutumia skrini, kipanya na kibodi moja kupitia swichi, nasi huhama kwa kubonyeza Scroll Lock mara mbili upesi, kisha namba ya kompyuta inayotakiwa. Juzi, baada ya kufuta vumbi la kiangazi mezani, amri hiyo iligoma, ingawa herufi ziliendelea kuandikika na kitufe cha swichi yenyewe kilifanya kazi. Hapo nikatambua kuwa swichi ni nzima, ila haiisomi kibodi. Nilipoigeuza swichi, nilikuta kibodi imechomekwa kwenye tundu la USB la vifaa vya ziada, ambalo huiunganisha na kompyuta bila swichi kuzikagua amri, badala ya tundu lenye alama ndogo ya kibodi. Niliihamisha, nikabonyeza tena, na taa ya pili ikawaka.