Doa la Mashuke

Umeme umekatika Shela nzima, hapa Lamu, tukapanda juu ya paa. Mgeni wa jirani akaja na darubini yake, akaielekeza kwenye nyota za Mashuke.

Nikachungulia. Doa dogo la ukungu, basi!

Mama mdogo akafuta kioo kwa ncha ya leso. Doa pale pale.

Kumbe ndiyo M87, galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, ya umbo la duaradufu; haina mikono ya nyota kama ilivyo galaksi yetu, imejaa nyota kongwe. Katikati mna lile shimo jeusi, lenye mvuto mkali hata mwanga hautoki, ambalo picha yake ilitolewa 2019: uzito wa majua bilioni 6.5.

Mie kilichonikaa ni ule mwanga. Umesafiri miaka zaidi ya milioni 50, umefika jichoni mwangu, nami nikapepesa.

Wa Langoni na Mkomani, mbingu mwaiona leo? Picha msiniombe, simu haikuona kitu 😅