Ametusaidia picha

Maneno mawili tu. Ametusaidia picha. Tangu Alhamisi nalala nayo naamka nayo, nimepanda nayo kifodi (daladala zetu za huku) kutoka Sakina, jana nimeosha nayo vyombo mpaka dada akaniuliza toka chumbani "unaongea na nani wewe?" nikamwambia naimba.

Wenyeji wa hapa mnakijua kile kitabu cha mbuzi na mvua, kile nilichokichora mimi nikakililia humu mwaka mzima, kurasa 32, kile bosi alinirudishia michoro mara tatu eti mbuzi anaonekana ana kiburi. (Sasa mbuzi asipokuwa na kiburi si kondoo huyo.) Basi kimetoka, na wiki hii kikapelekwa kwenye tamasha la vitabu hapa hapa Chuga, yaani Arusha, wamekuja wachapishaji wa Nairobi, wa Kampala, wa Kigali, wa Dar ndo usiseme, mahema yamepangwa kwenye majani na baridi la Julai linapiga mpaka wageni wa Dar wanashika vikombe vya chai kwa mikono miwili kama wagonjwa. Nilifurahi jamani, msije mkaona mi ni wa kulalamika tu. Nilifika wa kwanza, nikapanga vitabu mezani mwenyewe, nikavipangusa na havikuwa hata na vumbi.

Saa tano bosi akashika maiki. "Sasa naomba niwatambulishe mama mzazi wa kitabu hiki," mwandishi akasimama na kitenge chake kile cha njano, watu makofi, vigelegele, mtu wa picha akapiga magoti kabisa kwenye majani. Mi nilikuwa pembeni kwenye maboksi na mkasi mkononi nakata gundi. Bosi akageuka kuweka maiki, akaniona, akairudisha mdomoni. "Na huyu dada yetu hapa, ametusaidia picha." Makofi yakapigwa, yale ya kumpigia aliyeleta maji ya kunywa kikaoni, mawili matatu yakaisha.

Na mimi nikatabasamu. Nikainamisha na kichwa kidogo, mkasi bado mkononi, kama naomba radhi kwa kukatisha shughuli.

Nimelipindua hilo neno pande zote. Kusaidia ni kumshikia mtu ndoo. Kusaidia ni kumtumia mtu salio la mia tano. Miezi minane nimekaa na yule mbuzi, nimeenda mpaka Monduli kuangalia wanavyolala mvua ikija, macho yameniuma mpaka nikaanza kuvaa miwani ya mama, halafu nimesaidia. Na hiyo "tu" ya katikati nayo. Ame-TU-saidia. Hao "sisi" ni akina nani? Yeye yumo, mwandishi yumo, kampuni imo, msomaji yumo, nadhani hata mbuzi yumo, mi ndo niko nje ya neno, kama nilikuwa napita zangu na penseli wakaniomba. Angesema "amechora" ingemgharimu nini? Ni fupi hata kulitamka!

Kwenye kifodi nikawa namjibu. Toleo la kwanza nilikuwa mpole, "bosi, samahani, mimi ni mchoraji wa kitabu." Kufika Sanawari nishakuwa mkali. Kufika Mianzini nishaacha kazi, nimefungua kampuni, yeye ndo anakuja kuniomba.

Ijumaa ndo ikawa mbaya zaidi maana mada zote zilikuwa kama zimepangwa kunichokonoa. Walikaa watu wa tafsiri, wakamzungumzia mwandishi Abdulrazak Gurnah, Nobel yake ya fasihi ya 2021, na ile riwaya yake Paradise ilivyokuja kutoka kwa Kiswahili 2022 ikaitwa Peponi, na kila aliyeshika maiki alimtaja mtafsiri kwa jina kamili, Ida Hadjivayanis, hakuna hata mmoja aliyesema amemsaidia Gurnah Kiswahili. Nikaandika hilo kwenye daftari nikalipigia mstari mara mbili. Baada ya chakula akaja wakili kuongelea hakimiliki, kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 mchoro unalindwa wenyewe kama andiko linavyolindwa na aliyeuchora ana haki ya kutajwa kuwa ni wake, na mimi nimekaa pale nakumbuka mkataba wangu niliusaini nimesimama, juu ya boneti ya gari, bosi anawahi ndege. Jina langu lipo, sio kwamba halipo. Ukurasa wa pili, chini, limebanana na ISBN na namba ya sanduku la posta.

Jioni nikapita soko la Wamasai kule Fire makusudi tu nikaangalie picha za tingatinga. Kila picha imesainiwa kona ya chini, hata za elfu kumi, hata zile za twiga wanaofanana kama wamezaliwa pacha. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972 na mpaka leo mtu anayechora staili ile analibeba jina lake, anaweka na la kwake pembeni. Nikasimama pale mpaka chalii wa duka akadhani mi mteja, akaanza kunishushia bei.

(Katikati ya haya yote dada kavishwa pete Jumanne, na tumeambiwa tuhame hii nyumba kabla ya Septemba. Nitayaandika siku nyingine.)

Sasa Jumamosi.

Kakaja katoto kamoja, ka kike, miaka sita saba hivi, sweta la shule siku ya Jumamosi, mama yake yuko meza ya jirani anabishana bei ya kamusi. Kakafungua kitabu changu kakakaa nacho chini kwenye majani, kanasoma kwa kidole, lakini kidole hakipiti kwenye maneno, kinapita kwenye picha. Nikakaacha. Mara kakanyanyua kichwa.

"Anti, hiki kitabu umekitengeneza wewe?"

Nikasema, na ninawaapia sikufikiri, "hapana mwanangu, kimeandikwa na yule mama kule, mi nimesaidia picha tu."

Yaani. Siku mbili nzima namgombeza mtu kwenye kifodi. Halafu nafungua mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia kisu, linatoka lile lile. Na bosi angalau "tu" yake aliiweka katikati, mi ya kwangu nimeipachika mwishoni.

Katoto wala hakakujali. Kakauliza, "na paka?"

Hapo nikakaa chini kabisa kwenye majani. Sababu paka hayupo kwenye hadithi. Mwandishi hajui habari za paka, mhariri alitaka nimtoe nikajifanya sijaona ile meseji. Nimemchora mdogo mdogo kila ukurasa, juu ya bati, nyuma ya pipa, mkia tu kwenye mlango, kwa ajili yangu mwenyewe nisichoke. Tangu kitoke hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemwona.

"Paka wangu," nikasema. Hiyo ilitoka haraka.

"Sasa mbona hapa hayupo?"

Ukurasa wa 14 na 15, ile picha kubwa ya mvua. Nikamwambia yupo, yuko chini ya mkokoteni. Tukatafuta. Hayupo. Nikahisi jasho, baridi lote lile. Kumbe ni hivi: mi nilichora nikijua kitabu kitapigwa pini katikati, kinafunguka chote kinalala. Baadaye wakabadilisha wakakigundisha mgongo ili jina lisomeke kikisimama rafu, na ukishagundisha ile sentimita ya ndani inamezwa na mkunjo, na mimi paka nilimweka hapo hapo katikati. Hakuna aliyeniambia. (Sawa, pengine waliniambia, kuna meseji nyingi sikusoma.)

"Yuko humu ndani," nikamwonyesha mkunjo.

"Mtoe."

Basi tukamtoa. Yeye kashika upande, mi upande, tukakikandamiza kitabu kwenye majani taratibuuu, likatokea sikio, likatokea jicho, tukakandamiza tena, pwaa, mgongo ukapasuka na karatasi nne zikachomoka. Paka huyo, mzima wa afya. Katoto kakamwangalia muda mrefu, kakasema, "umemchora mnene," kakaenda kwa mama yake. Hawakununua. Mama alishamaliza hela kwenye kamusi.

Kitabu kilichopasuka huwezi kukirudisha mezani kwa hiyo nimekinunua mwenyewe, elfu nane, bosi kanipa risiti. Alikuwa ameshika kalamu anaandika na mi nimesimama mbele yake, nafasi ndo hiyo, hakuna foleni, hakuna maiki. Nikamwambia toleo la pili wakipige pini. Akasema atauliza kiwanda. Nikasema pia jina langu liwe kwenye jalada. Akanyanyua macho akasema "kwani halipo?" na nawaambieni alishangaa kweli, alikichukua kitabu akakigeuza mbele na nyuma. Akaandika kwenye kiganja chake, sijui aliandika nini, na yule bwana ananawa mikono sana.

Hivi ninavyoandika kile kitabu kipo hapa mezani kimefungwa na mpira wa pesa. Nilitaka kuendelea ila mama kapiga saa mbili hii kutoka Tengeru, ng'ombe hajala tangu asubuhi, yule mwenye baka, na ana mimba ya miezi saba. Amelala tu anasaga meno. Daktari wa mifugo anasema atakuja kesho mchana, mama anasema kesho mchana ni mbali, na kaka simu yake inaita haipokelewi. Kama kuna mtu humu anajua ng'ombe kusaga meno maana yake nini aniambie usiku huu huu, simu naiacha wazi.