Elfu arobaini na tano kwa wiki, na wanangu wanakula samaki

Nimechoka kuambiwa kwamba mwenye kipato kidogo ashibe tu, mambo ya kula vizuri awaachie wenye nazo. Nimeambiwa hivyo na ndugu, na majirani, hata na watu wanaonipenda. Mimi ni fundi cherehani hapa Temeke, mume wangu kazi zake ni za msimu, na nyumbani tuko watano, watoto watatu wote wa shule. Tangu kazi za mume zilipopungua, chakula cha wiki nimekipangia kama shilingi 45,000 hivi, mkaa mbali. Kuna wiki inashuka kidogo, kuna wiki inapanda, hasa sukari ikipanda. Na tunakula vizuri. Sisemi kushiba, kushiba ni rahisi, hata mihogo mitupu inashibisha.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote aliutoa wifi yangu, dada wa mume. "Wifi, punguza mboga. Unga ndio uwe mwingi, jioni wape chai ya rangi na kiporo, watazoea." Nilimwitikia kwa heshima, maana ni mkubwa kwangu, lakini sikuufuata hata siku moja. Mboga za majani ndicho kitu rahisi kuliko vyote sokoni. Fungu la mchicha au matembele ni mia tatu, mia tano likinenepa. Ukikata hapo umeokoa nini? Na hiyo chai ya rangi juu ya chakula ndiyo mbaya zaidi: nesi wa kliniki alinieleza nilipokuwa na mimba ya mwisho kwamba chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, na ndimu inafanya kinyume chake. Tangu siku ile chai kwangu inanywewa mbali na chakula, na kwenye maharage na mboga nakamulia ndimu sahanini, isichemke. Ndimu moja inatosha mezani kwetu wote.

Tuje kwenye unga, kwa sababu ndiko pesa nyingi inakopotea bila mtu kuona. Watu wengi mjini wananunua sembe ya mfuko. Mimi nanunua mahindi, napeleka mashine, nasaga dona, yaani bila kukoboa. Ukikoboa, sehemu nzuri ya mahindi inabaki pale mashine kama pumba, na ndani ya hiyo pumba kumebaki kiini chenye mafuta na vitamini. Yaani unalipa mara mbili, kukoboa na kusaga, ili upeleke nyumbani unga mchache usio na kitu. Dona inaingia kilo ishirini, inatoka kilo ishirini kasoro vumbi. Watoto walipokataa mwanzoni sikugombana nao. Nilichanganya dona kidogo na sembe, kila tukimaliza debe naongeza dona napunguza sembe, mpaka siku moja sembe haikuwepo na hakuna aliyeuliza.

Dona ina masharti yake mawili. Haikai muda mrefu kwa sababu ya yale mafuta ya kiini, ikikaa inakuwa chungu, kwa hiyo saga ya wiki mbili tu. La pili ni kuchambua mahindi kabla ya kusaga, na hapa nakuwa mkali hata kwa wanangu. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyosinyaa, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, si hadithi, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Tunamwaga mahindi kwenye ungo, wote tunakaa chini na kuchambua, hata wa darasa la pili anajua punje mbovu.

Ushauri mwingine unaorudiwa kila mahali: nunua kwa jumla, utaokoa. Unamwambia nani? Mwenye laki mfukoni. Sisi tumefanya hivi: tuko wanawake wanne tunaofahamiana, tunachanga tunanunua gunia moja la mahindi soko la Stereo, tunagawana kwa debe palepale mbele ya kila mtu, asiwepo wa kunung'unika baadaye. Maharage hivyo hivyo, lakini kwa kiasi kidogo. Mahindi yangu yanaingia kwenye ndoo zenye mifuniko ya kubana, baada ya kuyaanika juani, la sivyo dumuzi wanakula kabla yetu. Mafuta ya kupikia sinunui dumu kubwa hata kama bei inavutia, maana mafuta yakiwa mengi mkono unakuwa mwepesi. Nanunua lita moja, naigawa kwenye chupa ndogo za siku, na chupa ya leo ikiisha ndiyo imeisha.

Sasa maharage. Hapa ndipo ninapojivunia, na nitaeleza kwa urefu.

Maharage yenyewe si ghali ukilinganisha na nyama, ghali ni mkaa wa kuyaivisha. Kopo la mkaa likishateketea kwa sufuria moja, maharage yako ya elfu mbili yamekuwa ya elfu nne. Jirani yangu akaniambia, "Shoga, tia magadi, yanaiva chapuchapu." Yanaiva kweli, sibishi, lakini magadi yanaua vitamini, hasa B1, ambayo ndiyo inayousaidia mwili kutumia huo ugali tunaokula. Nikamwambia asante, nikaendelea kutafuta njia nyingine.

Njia niliyoipata ni kapu la kutunza joto. Wazo si langu, watu wanapika hivyo sehemu nyingi, ila langu nimelitengeneza kwa mikono yangu na kwa takataka za kazi yangu. Nilikuwa na kapu kubwa la ukili lililokatika mpini. Chini ya cherehani siku zote kuna gunia la vipande vya vitambaa, vitenge, pamba, mabaki ya mashuka. Nilishona mito miwili: mmoja mrefu wa kuzunguka ndani ya kapu na kufunika kitako chake, mwingine wa duara wa kufunika juu. Nikaishindilia vipande mpaka ikawa migumu. Katikati likabaki shimo la kiasi cha sufuria yangu ile nzito yenye mfuniko wa kukaza, bila nafasi ya kupitisha hata vidole.

Asubuhi kabla sijafungua kazi nachagua maharage, naloweka. Mchana namwaga maji yale, naweka mapya, nabandika. Moto mkali, yachemke hasa, kama nusu saa hivi. Usipunguze hapo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, inaondoka kwa kuchemka sana, haiondoki kwa joto la uvuguvugu. Chumvi na nyanya bado, nyanya ikitangulia inachelewesha kulainika. Baada ya hapo naiepua sufuria ikiwa bado inatokota, mfuniko unagongagonga, naingiza kwenye kapu haraka, nafunika na mto wa duara, juu naweka kanga imekunjwa. Basi. Mkaa uliobaki unapika mboga au unachemsha maji ya kuoga, na mimi narudi kwenye cherehani.

Usifungue. Mwanangu mkubwa alikuwa na tabia ya kuchungulia, nikamwambia kila ukichungulia umetupa mkaa wa shilingi mia. Baada ya saa tatu ukiingiza mkono kati ya mto na sufuria unautoa mbio, bado ni moto. Nikifungua jioni, mvuke unapanda usoni, maharage yamevimba yote sawasawa, hakuna lililopasuka na hakuna gumu, na mchuzi wake umekuwa mzito wenyewe. Narudisha jikoni dakika chache, yachemke tena, naunga kitunguu na nyanya, tayari. Kuyachemsha tena ni lazima, na sufuria isilale kapuni usiku kucha, kwa sababu joto likishuka likawa la uvuguvugu chakula kinaharibika. Jambo jingine, sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu. Ikiwa na maharage kidogo chini inapoa upesi, utalilaumu kapu bure.

Kopo lililokuwa likiisha kwa siku moja sasa linanivusha hadi ya pili. Makande nayo yanaiva humo, ila yanataka kurudishwa motoni mara moja katikati. Wali unaingia maji yakikaribia kukauka, na haushiki chini hata siku moja, hakuna ukoko wa kutupa. Yule jirani wa magadi alikuja kucheka mlangoni, "Mama Rehema, umeyafunika maharage blanketi, yana homa?" Mwezi uliofuata alileta kapu lake nimshonee mito, na nilimtoza.

Pesa iliyookolewa kwenye mkaa ndiyo inayonunua samaki.

Kwanza dagaa wakavu wa Mwanza, hawakosekani kwangu. Dagaa unamla na mifupa yake, kwa hiyo watoto wanapata na madini ya kujenga mifupa, nyama ya buchani haikupi hayo. Lakini usinunue kwa macho tu. Chukua mmoja, mvunje. Akikatika kwa mlio, amekauka vizuri. Akipinda kama uzi ana unyevu, unalipia maji na atavunda nyumbani. Rangi iwe ya fedha, tumbo halijapasuka, na sugua kidogo kwenye kiganja uone mchanga. Walioanikwa chanjani ni wasafi, walioanikwa chini utawaosha mpaka uchoke. Nusu nawaunga na nyanya na ndimu. Nusu nyingine nawakaanga bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka wawe wepesi, natwanga, nachekecha, naweka kwenye kopo. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji wa dona wenye karanga za kusaga, na mwanangu wa mwisho hajui kuna dagaa.

Pili, dagaa wabichi na vibua vya Feri, soko la samaki la hapa Dar es Salaam. Wengi wanakwenda soko la Feri bila kuangalia mwezi, ndiyo maana wanarudi wakilalamika. Dagaa wa baharini wanavuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza dagaa wanaikimbilia taa, wavuvi wanajaza. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote ina mwanga, taa haivuti kitu, dagaa wanakuwa wachache na bei inapanda. Kwa hiyo wiki za giza nakwenda Feri, wiki za mbalamwezi sisumbuki na nauli, tunakula dagaa wakavu na mayai. Na usiende alfajiri kushindana na wachuuzi kwenye mnada. Nenda baadaye, jua likianza kuwa kali, muuzaji anapowaza barafu na safari ya kurudi nyumbani. Hapo mazungumzo yanakuwa mengine. "Mama, chukua hili fungu lote." "Baba, niongezee na hao wawili, nina watoto." Anaongeza. Ila angalia macho ya samaki yawe maangavu, yasiwe meupe yenye ukungu, na mashavu yawe mekundu, kwa sababu jua hilohilo linaloshusha bei ndilo linaloozesha.

Nyanya nanunua masalo, zile zilizolainika, jioni, ndoo ndogo kwa bei ya mafungu matatu ya nzuri. Nakata palipooza, nachemsha zote siku hiyohiyo mpaka zikauke ziwe rojo, na chumvi na mafuta kidogo. Sina friji, kwa hiyo naichemsha rojo kila siku na inanipeleka siku tatu, nne. Matembele nimeacha kununua kabisa. Hayataki mbegu, omba kipande cha shina kwa mtu, chomeka kwenye gunia la udongo, mwagilia maji ya kuoshea mchele. Nina magunia mawili ukutani na tunachuma karibu kila wiki. Afadhali hayo kuliko mboga ambazo sijui zimemwagiliwa maji ya mfereji gani.

Nyama inakuja mara mojamoja, na ikija ni mifupa ya supu na ndizi mbichi, au utumbo uliosafishwa vizuri na kupikwa na nazi. Nazi moja inanipa vyungu viwili: tui zito kwa mbaazi au kisamvu cha leo, tui la pili, lile jepesi, kwa wali wa usiku huohuo, maana tui halilali. Kisamvu nakitwanga mwenyewe kinuni, nakichemsha sana bila kufunika sufuria, kisha ndiyo naweka karanga au tui. Na siku ya kisamvu maharage yanapumzika, kapu linabeba wali.