Kanzu za Dorkasi
Somo la wiki: Matendo 9:36–42

Petro alipopandishwa orofani kule Yafa, wajane hawakumpa hotuba kuhusu marehemu Dorkasi. Walilia, na huku wakilia wakamwonyesha kanzu alizowashonea. Umri wake Luka, mwandishi wa Matendo, hautaji.

Wasifu unaosomwa matangani kwetu, Kisumu hadi Vihiga, mara nyingi huenda njia nyingine: alizaliwa, akasoma, akasomea uuguzi, akastaafu, kisha aya mbili nzima za hospitali alizolazwa. Nesi aliyeuguza watu maisha yake yote anaishia kukumbukwa kama mgonjwa!

Kanzu za nesi, yaani yale aliyowafundisha, ziko mikononi mwa mabinti na wakazamwana wake. Mjukuu akiharisha usiku, wanajua la kufanya: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vimesawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima. Chumvi hutangulia, kisha unaonja: isizidi ile ya machozi. Ikizidi, mtoto anaweza kushikwa na degedege. Sukari nayo ikizidi huvuta maji utumboni, na kuharisha kunaongezeka. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya zahanati ni bora. Hii ni ya usiku ambao pakiti haipo. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee kijiko kimoja kimoja. Kunyonya kusikatizwe. Saa 24 zikipita, mwaga, uchanganye upya. Macho yakidumbukia, au akishindwa kunywa, ni hospitali bila kungoja kuche.

Zaburi ya 90 inahesabu miaka 70, na 80 tukiwa na nguvu. Mama nesi aliyevuka hapo alijaliwa muda wa kushona nyingi.

Kwa hiyo mliopewa kazi ya kuandika wasifu wa mama kama huyo, tarehe ya kuzaliwa itafuteni kwanza kwenye cheti cha ubatizo, maana vitambulisho vya wazee wengi vina mwaka wa kukadiria. Majina ya watoto yasomwe mbele ya jamaa kabla hayajaenda kuchapishwa; jina moja likisahaulika, matanga hugeuka baraza la ugomvi. Kisha mwulizeni kila mkazamwana, na jirani aliyezalishwa naye: "Mama alikufundisha nini ambacho unakifanya hadi leo?" Andikeni jibu kama lilivyosemwa, na vipimo vyake. Ugonjwa wa mwisho unatosha sentensi moja.