Altezza ya manyuo: gia ya pili imenigomea, sasa hata Fielder naiangalia vingine

Wakuu, nilikuwa nimepanga kuandika hii siku nitakuwa nimeshika logbuku mkononi lakini wacha niandike tu saa hii, kwa sababu kuna kitu kimenikera mpaka nikilala nakisikia. Krrr. Gia ya pili, asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwenye amewahi kuendesha giaboksi ya J160 iliyochoka anajua naongelea nini.

Mpango bado ni ule ule, kununua Toyota Altezza RS200, injini ya 3S-GE, gia sita za mkono, rangi yoyote bora isiwe imepuliziwa juu ya kutu. Ile Altezza ya AS200 sitaki. Najua 1G-FE yake ni injini tamu, silinda sita, haina maneno mengi, na fundi yeyote hapa Nakuru ameshaizoea, lakini mimi nataka ile ya Yamaha ya kupanda mpaka RPM 7600 ndio itoe farasi wake 210, na najua pia kwamba hapa kwetu hizo 210 ni za kwenye karatasi. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo hesabu ya haraka inakuachia kama 170 hivi. Ndio maana huu mji umejaa Subaru, turbo yenyewe inajitafutia hewa. Nimeshaambiwa hiyo stori na kila mtu mwenye WRX kutoka Section 58 mpaka Free Area, asanteni, nimesikia, bado nataka Altezza, nataka gari ya kusukumwa na matairi ya nyuma na ile dashibodi yake inakaa saa ya mkono. Hizi taa za nyuma nazo zilinaswa na dunia nzima, kuna watu wanaweka nakala yake kwenye gari ambazo hazina hata undugu na Toyota.

Shida ya kwanza mnaijua. Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005, na kwa sheria yetu ya kutoleta gari kuukuu ya zaidi ya miaka minane hiyo ilimaanisha mlango ulifungwa 2013. Hakuna meli inaleta zingine. Zenye ziko ndio ziko, nyingi ni za namba ya KB na chache KA, na kila moja imepitia mikono ya vijana watatu wanne wenye kila mmoja alikuwa na wazo lake kuhusu sailensa. Ukiona moja ina namba ya KC au KD, uliza maswali kabla uulize bei.

Sasa hapa kwa manyuo ndio kuna mchezo. Tangazo litaandikwa "manual 6 speed" na ukifika unakuta gari ilizaliwa otomatiki, mtu akaibadilisha kwa karakana fulani, na amekaa hapo anataka bei ya ile ya kiwanda. Sisemi kubadilisha ni dhambi, kuna kazi safi nimeziona. Nasema tu usiniuzie kwa bei ya ile nyingine. Mimi siku hizi sisikilizi mdomo, nafungua boneti naenda moja kwa moja kwa bamba la kiwanda. Chasisi ianze na SXE10, injini iandikwe 3S-GE, na kwa mstari wa giaboksi nataka kuona J160. Kama bamba halina J160 na gari ina klachi, basi kuna mtu alifanya kazi usiku. Baada ya hapo naangalia masta silinda ya klachi kwa ukuta wa nyuma ya injini, imekaa kama imezaliwa hapo ama shimo limetobolewa na drili na kuzibwa na silikoni? Halafu pedali ya breki, za otomatiki huwa pana. Halafu unaangalia kwa dashibodi kama kuna taa za P, R, N, D zenye hazina kazi tena. Moja ya Lanet ilikuwa na hayo yote, na pedali ya klachi ilikuwa imechomelewa, nikashukuru nikaondoka, hata sikuiwasha.

Ile ya Kisumu ndio stori yenyewe.

Hii nilipewa namba na jamaa wa spea, gari iko Mamboleo, mwenyewe ni mtu mzima, anafanya kazi ya mahesabu, si wale wa kuchoma tairi. Bamba safi, SXE10, J160. Nikapitisha sumaku pembeni zote, kuna bodifila kidogo kwa fenda ya kushoto na alinionyesha mwenyewe kabla nifike hapo. (Sumaku yangu niliitoa kwa spika iliyoungua, nimeifunga na kitambaa isikwaruze rangi. Watu wananunua vipimo vya rangi vya bei ya ajabu, mimi kwa gari ya umri huu sumaku inatosha kabisa.) Kile kidude cha Bluetooth cha kusoma injini nacho kilikataa kuunganisha, lakini hicho nilikibeba tu kwa mazoea, gari nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hazielewani na hivyo vya bei rahisi. Mwenye anakuuzia skana ya elfu moja na kukwambia inasoma kila gari, mwambie aisomeshe Altezza ndio ulipe.

Tukatoka nayo, Mamboleo kuelekea Miwani, adhuhuri, jua la Kisumu mnalijua. Ilikuwa inavuta vizuri kuliko vile nilitarajia, na sehemu ya hiyo raha ni kwamba Kisumu iko chini, kama mita 1,130, kwa hivyo injini inapumua vizuri kuliko huku kwetu. Gia moja, mbili, tatu, inaingia kama kisu kwa siagi. Nikapima klachi: gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote, RPM haikuruka peke yake. Nikashuka nikiwa nimeshaanza kupanga mahali pa kuiegesha nyumbani.

Kitu kimoja tu kilinikaa kichwani. Hiyo gari sijaiona ikiwa baridi. Na Kisumu hata asubuhi oili ya giaboksi haijui baridi ni nini, ikilala nje inaamka na joto ya kutosha. Sinkro, ule mringi wa kulinganisha kasi ya gia kabla iingie, ikichoka halafu ipate oili nyepesi inaficha ugonjwa. Mifereji ya ule mringi ikiisha haiwezi kukata oili nzito ili ishike koni ya gia, lakini oili ikipata joto inakuwa nyepesi, mringi unashika, gia inaingia, na wewe unatoa pesa.

Na mabroka wanalijua hili. Kuna mmoja wa hapa Nakuru, gari nyingine kabisa, tulikubaliana tuonane mapema, nikafika kabla ya saa tuliyoongea, nikaweka mkono kwa boneti: moto. Nikamuuliza mbona, akasema alikuwa ameenda kununua mkate. Na duka la mkate liko ng'ambo ya barabara! Hiyo sikuendelea nayo.

Kwa hivyo nikamwambia yule mzee wa Mamboleo ukweli, nikamwambia mzee, gari nimeipenda, lakini nataka niiwashe Nakuru asubuhi. Alicheka sana. Bahati ikawa alikuwa na safari ya Nairobi, akapita hapa jioni, akalala kwa dadake Milimani, na gari ikaachwa nje bila kuguswa. Kabla ya saa kumi na mbili nilikuwa langoni nimevaa jaketi. Boneti ilikuwa na umande, kioo cha mbele kimefunga ukungu, vizuri kabisa. Nikawasha, nikaiacha inguruma kidogo, nikatoka nayo polepole kwenda upande wa barabara ya Menengai. Gia ya kwanza sawa. Ya pili, krrr. Nikarudisha, nikajaribu tena taratibu, krrr. Ya tatu ikaingia lakini na kasauti.

Hapa ndio nilianza kuchimba, maana krrr inaweza kuwa vitu viwili na bei zao ni mbingu na ardhi. Nikasimama, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikahesabu mpaka tano, nikaweka rivasi. Ikaingia kimya. Kwa hivyo klachi inaachia vizuri, si ile silinda ndogo ya chini ya klachi imevuja, ingekuwa hiyo ningekuwa nimeshalipa deposit nikiimba. Halafu nikatembea nikapiga klachi mara mbili: kutoka kwa moja, nutro, achia, kanyaga tena, ingiza mbili. Safi. Nikirudi kwa njia ya kawaida, krrr. Basi ni sinkro, hakuna maombi yatabadilisha hiyo. Na ajabu ni kwamba baada ya kuzunguka mpaka gari ikashika joto, ikanyamaza kabisa, ikawa ile ile ya Mamboleo, na mtu angeinunua saa hiyo angeapa kwamba ni nzima.

Nilipoirudisha mzee akaniambia, "Omera, hiyo ni kawaida ya Altezza, ukiipasha moto inanyamaza." Nikamwambia mzee, kwa heshima, gia ya kunyamaza saa tatu asubuhi bado ni gia mbovu. Tukacheka wote wawili. Akakubali fundi afungue plagi ya kujazia oili, tukachovya kidole: oili ya kahawia na ndani yake vumbi linalong'aa kama dhahabu, na haling'ang'anii sumaku. Hiyo ni shaba ya miringi. Chuma ingeshika.

Sasa hapo ndio nimekwama na ndio maana naandika. Kufungua J160 na kubadilisha miringi ni kazi ya fundi mwenye mikono na subira, na miringi yenyewe ni ya kuagiza. Njia ya pili ni kuchukua giaboksi ya eks-Japani kule Grogan, soko la spea Nairobi, lakini ile nayo imetoka kwa gari ya umri uleule, na huwezi kuipima baridi ikiwa imelala kwa sakafu ya duka. Unanunua krrr nyingine kwa pesa yako. Kuna wale wananiambia nimwage oili nzito zaidi ili sauti ipotee, hao nawauliza tu, si hiyo ndio ile oili sinkro imeshindwa kuikata? Mzee amekubali kushusha bei lakini si kwa kiasi cha giaboksi, na mimi kwa bei yake sitasogea.

Nilikuwa niendelee na kupima kompreshoni na kuangalia mkanda wa taimingi. Hiyo imesimama, kwa sababu binamu yangu wa Kakamega amenitumia picha.

Picha ni ya Fielder. Najua, najua. Fielder, gari ya kubeba chakula cha kuku na mitungi ya gesi. Lakini angalieni kirungu cha gia: sita. Fielder za 1.5 zenye tumezoea zina tano. Sita ilikuja na ile Z Aerotourer, ZZE123, na ndani yake kuna injini ya 2ZZ-GE, farasi 190 kwa RPM 7600, injini ile ile Lotus waliweka kwa Elise. Ya mwalimu mstaafu huko upande wa Chavakali, anaiendesha kanisani na sokoni na binamu anasema mwalimu analalamika tu kwamba inakula petroli. Bila shaka inakula! Injini inabana hewa 11.5 kwa moja kama ile ya Altezza, Wajapani waliipangia petroli ya oktani ya juu.

Ni ya kuvutwa na matairi ya mbele, hilo linaniuma. Lakini ina cheni badala ya mkanda, ina buti ya kuweka mbuzi wawili, na hakuna mtu barabara ya Kericho atadhani ni kitu. Cha kuogopa ni zile bolti za rocka, ile mikono ya kusukuma valvu, kwa injini za mapema, zikikatika ile kamu kubwa ya mwendo wa juu haishiki na gari inalala ukipita RPM 6000, na wala mwalimu hawezi kujua maana simwoni akifika huko. Kifuniko cha valvu kinafunguka kwa dakika chache, fundi wangu amekubali tuende naye.

Mwenye amewahi kushika ZZE123 ya gia sita anitumie picha ya bamba lake, nataka kujua giaboksi imeandikwaje kabla nifunge safari. Na mwalimu ameshaambiwa na binamu: siku tunakuja, asiiwashe.