Kivumbasi kwenye chupa: tinkcha ya mafua na maji yanayoiharibu

Kivumbasi huota chenyewe pembezoni mwa mashamba na vijia, na wengi hukijua kama majani ya kufukuzia mbu. Kwa mafua hupikwa chai au huwekwa kwenye nyungu. Tinkcha, yaani majani yaliyolowekwa kwenye pombe kali, ina faida yake: unaiandaa majani yakiwa mengi, baridi ya Juni na Julai inakukuta nayo kabatini. Ila nayo huharibika ikiandaliwa vibaya, na mara nyingi kinachoiharibu ni maji.

Uhakikishe mmea kwanza. Kivumbasi kina shina la pembe nne, majani yanayotazamana mawili mawili yenye kingo za meno, na maua madogo meupe yaliyopangana kwenye suke refu. Fikicha jani: aghalabu litanukia kama karafuu. Lantana nayo ina shina la pembe nne, majani yanayotazamana na harufu kali, na hapo ndipo watu hukosea. Jani la lantana hukwaruza kama msasa, shina mara nyingi lina vimiba, na maua yake ni kishada cha duara cha manjano, chungwa au waridi. Ina sumu, hasa matunda mabichi. Ukiwa na shaka, acha. Acha pia kivumbasi cha kando ya barabara kuu au cha ukingo wa shamba linalopuliziwa dawa.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, mmea ukiwa unakaribia kutoa maua. Kisha kausha, na hapa usikimbilie. Jani bichi ni maji kwa takriban asilimia 80. Ukiloweka gramu 100 za majani mabichi kwenye mililita 200 za pombe ya asilimia 35, maji ya majani yanaishusha hadi kama asilimia 25. Ukishindilia gramu 200 kwa kutaka dawa iwe kali, inashuka chini ya asilimia 20, na ukungu unapata njia. Dawa uliyodhani umeiongezea nguvu umeiozesha.

Tandaza majani kivulini penye upepo kwa siku 4 hadi 7, hadi yasagike mkononi. Juani yatakauka haraka, lakini mafuta yenye harufu, ambayo ndiyo unayoyatafuta, yataruka.

Kipimo ni gramu 50 za majani makavu kwa mililita 250 za pombe ya asilimia 40. Katakata, tia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina pombe hadi ifunike majani yote. Yanayoelea juu ndiyo huota ukungu. Funga, weka gizani, tikisa kila siku kwa wiki mbili au tatu. Chuja kwa kitambaa safi na ukamue kwa nguvu. Hifadhi kwenye chupa nyeusi, uandike jina, tarehe na asilimia ya pombe. Ukiitia kwenye maji ikageuka kama maziwa, usishtuke: ni mafuta yanayojitenga. Ukiona utando au harufu ya kuvunda, mwaga.

Pombe iwe ya dukani, yenye lebo. Gongo na chang'aa hazifai kabisa, kwa sababu huwezi kuona wala kuonja methanoli, aina ya pombe yenye sumu, iliyomo. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu nchini Kenya. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo ni sumu ukiinywa. Asiyetumia pombe, kwa dini au kwa afya, aloweke majani makavu kwenye siki ya chakula, aweke kwenye friji na aimalize ndani ya miezi mitatu. Usitumie glisarini ya kupaka mwilini badala ya pombe: si ya kunywa.

Mtu mzima hunywa nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, mara tatu kwa siku, kwa siku zisizozidi tano. Asipewe mtoto, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini, anayejitahidi kuacha pombe, wala anayemeza dawa ya metronidazoli (Flagyl).

Tusidanganyane: tinkcha hii haiui virusi. Inatuliza koo na kufungua pua kidogo, na mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kwenye maeneo ya malaria, homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, tinkcha iwepo isiwepo. Kwa mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ni nimonia, na safari ya kituo cha afya isisubiri kesho.